Wimbo wa Kupimia Moshi

Rafiki yangu, sogea. Habari hii nimeshaisimulia vipande vipande, jikoni kwa watu, nje ya kanisa baada ya ibada, lakini nzima nzima sijawahi kumpa mtu. Nakupa wewe kwa sababu najua ukisikia ni habari ya moshi wa gari hutainuka ukaenda zako, ukasema hayo ni ya mafundi. Ni habari ya moshi kweli. Ila ndani ya gari hilo alikuwemo baba mkwe wangu, tunamkimbiza hospitali Tukuyu, mkojo umemfunga tangu jana yake, na katika watu wote waliokuwa safarini ni mimi peke yangu niliyekuwa naona gari linatoa nini nyuma.

Kwanza uelewe jambo moja la kwetu, maana bila hilo utajiuliza kwa nini sikufungua mdomo mapema. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe wake hawaonani. Si chuki, ni heshima. Humtazami usoni, husemi naye, hukai mahali alipo. Ukimwona anakuja njiani unaingia migombani, unajifunika khanga, unampa mgongo mpaka apite. Akiwa na neno kwako analipitisha kwa mama mkwe, "mwambieni huyo," na wewe unajibu kwa njia hiyo hiyo. Siku hizi vijana wameacha, na hata wakati ule watu wengi wa kanisani walikuwa wameshalegeza. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, kila asubuhi yuko na Biblia yake, lakini hilo hakulilegeza, na mimi sikumwomba alilegeze. Nilikuwa nimeshazaa, watoto wangu wanacheza miguuni kwake, na sauti yangu alikuwa hajawahi kuisikia.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi Kyimo. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Vitu vimeanza kuingia, mwenye uwezo analeta gari lililochoka la huko nje, mwingine mashine, mwingine redio. Kabla ya hapo mashine ya kusaga ilikuwa ya kijiji, na ikiharibika inakaa hivyo hivyo, unabeba debe lako la mahindi kichwani mpaka kijiji cha mbali. Akina mama wa kanisa letu tukauza ndizi na maharage, tukachanga, tukapata injini ya dizeli ambayo ilishatumika kwingine. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani juu ya kutu. Wenzangu waliogopa mshindo wake. Mimi nikasema nitaiwasha, Mungu atanisaidia. Nikawa ndiye mwendeshaji. Mchana nasaga, jioni naenda darasa la watu wazima na unga kwenye nywele, mwalimu ananiita bibi kizee. Hiki unachosoma ndiyo matunda ya yale masomo ya jioni, kwa hiyo ukiona nimeandika kama naongea, nivumilie.

Fundi aliyetufungia ile injini alikuwa mtu wa utani, ana pengo mbele. Siku ya kwanza nilikuwa nimeikodolea macho injini yenyewe. Akaniambia, "Mama, hapo unaangalia chuma. Nenda nje ukaangalie bomba linatema nini."

Ndipo akanifundisha. Moshi mweusi kama wa kuni mbichi, dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo, nenda ukakung'ute chujio, pumba zimejaa. Moshi wa bluu, unaokera pua kama mafuta ya kukaangia yaliyoungua, injini inakula oili yake yenyewe. Mweupe ndio wenye maneno.

Kwetu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mpaka mlangoni, na kila injini ukiiwasha asubuhi lazima iteme moshi mweupe. Hiyo ni dizeli ambayo haijaungua vizuri kwa sababu chuma hakijapata moto. Tumezoea. Mtu wa sehemu za joto akiona moshi mweupe anashtuka. Mtu wa Rungwe anasema "baridi hiyo" na anaendelea na chai yake. Fundi alisema hapo ndipo watu wa kwetu wanapoua injini, maana kuna mweupe mwingine, wa maji. Maji ya kupoza yakipata njia ya kuingia ndani, kwenye moto, yanatoka nyuma kama mvuke, nao ni mweupe vile vile.

"Sasa tutajuaje?" tukamuuliza.

"Wa baridi unakata injini ikipata moto. Wa maji haukati."

"Tungoje muda gani?"

Saa hatukuwa nayo. Akafikiri, akasema, "Wimbo wenu mrefu kuliko zote ni upi? Imbeni." Tukaimba, beti zote, amekaa juu ya gunia anasikiliza kwa adabu. Tulipomaliza akasema, "Huo unatosha. Mkiwasha, imbeni. Mkifika mwisho moshi uwe umekata. Kama bado mweupe, zimeni, inakunywa maji hiyo."

Mwenzetu mmoja mchokozi akauliza, "Na tukiimba haraka?"

"Mkiimba haraka mtanunua silinda hedi." Ndicho kile kichwa cha chuma juu ya injini, na bei yake si ya ndizi.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya asubuhi. Wateja walikuwa wanafikiri ni sala ya kufungulia mashine. Ilikuwa sala pia, sikatai.

Siku hiyo sasa. Mume wangu alikuwa safari Mbeya. Nikaletewa habari kwamba Mzee ni mgonjwa, nikaenda kwao Matwebe nikalala huko. Asubuhi mama mkwe wangu akaja jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, maana si jambo la kumwambia mkamwana: mkojo haushuki. Tumbo limejaa kama ngoma. Usiku kucha amesimama ameegemea ukuta. Alikuwa mwanamke mgumu, yule mama, lakini asubuhi ile alishindwa kufunga khanga yake mwenyewe, nikamfungia mimi.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa ameleta pikapu ya dizeli aliyoinunua kwa mtu, si mpya, ila kwetu ilikuwa mpya. Anaisugua kuliko anavyojisugua mwenyewe. Akaiwasha uani. Ikakohoa, ikashika, ukungu wa asubuhi na moshi wake vikachanganyika hata ukuta wa nyumba hauonekani vizuri. Hakuna aliyejali. Hata mimi wakati ule sikujali. Baridi.

Wakampakia Mzee mbele, mama mkwe akakaa katikati amshikilie. Mimi kukaa mbele haikuwezekana, na hata huko nyuma kwenye bodi sikuweza kukaa nikitazama mbele, maana kile kioo kidogo cha nyuma ya kabini kingenionyesha kisogo chake. Nikapanda na sufuria, godoro na ndizi za kwenda kumpikia hospitali, nikaegemeza mgongo kwenye kabini, nikajifunika khanga, uso wangu kule tunakotoka. Wao wanaona barabara, mimi naona moshi.

Tukaondoka. Barabara ya kwetu ilikuwa ya udongo, inashuka kijito, inapanda, inashuka tena, migomba na mibuni huku na huku. Kila tukipiga shimo nasikia Mzee anaguna. Nikawa naomba kimya kimya, na maombi yakaniishia, nikaanza kuimba moyoni, na wimbo ulionijia ni ule wa mashine kwa sababu ya mazoea. Sikuwa napima chochote. Nilipofika ubeti wa mwisho nikainua macho, na moshi ulikuwepo, mweupe, mnene, unafuata nyuma yetu kama kamba.

Nikasema labda niliimba haraka. Nikaanza upya, polepole, kama tunavyouimba msibani. Nikamaliza. Upo, na sasa umezidi. Tulipokuwa tunashuka unapungua, tulipokuwa tunapanda unafumka.

Mbele kidogo shemeji akasimama. Mzee alitaka ashuke ajaribu tena pembeni, pengine mkojo utashuka kidogo. Mimi nikajifunika vizuri, nikageukia upande mwingine kabisa, huku nasikia mama anamwambia "pole, Tata, pole," ndiyo baba kwa lugha yetu. Injini ilikuwa inaunguruma. Nikateremka nyuma, nikainama kwenye ekzosi nikanusa. Moshi wa dizeli ya baridi unachoma macho, unatoa machozi. Huu haukuchoma. Nikashika pindo la khanga nikaliweka mbele ya bomba, nikahesabu pumzi chache, nikalitoa. Limelowa chepe, halinuki mafuta. Maji.

Mzee hakupata kitu. Wakamrudisha. Wakati mama anazunguka kuingia, nikamshika mkono, nikamnong'oneza, "Mama, mwambie shemeji aangalie maji ya injini. Moshi huu si wa baridi."

Akanitazama kana kwamba nimeomba tupitie sokoni. "Sasa hivi unanusa nusa bomba kama mbwa? Na Mzee yuko katika hali hii?"

"Mwambie tu, Mama."

Akamwambia. Nilisikia sauti ya shemeji, anacheka lakini hana raha. "Mwambie shemeji hii siyo mashine ya kusaga. Gari la huko nje hili. Mshale wa joto haufanyi kazi, ni kweli, lakini ningesikia harufu. Baridi hiyo, Mama, si unaona ukungu?" Akatia gia.

Sikumlaumu hata wakati ule. Ana baba yake pembeni anakunja uso kwa maumivu, unataka asimame aangalie moshi? Mimi mwenyewe nusu ya moyo wangu ilikuwa inasema nyamaza, afike tu. Lakini nilikuwa najua pia kilichokuwa mbele yetu. Kuna kilima kimoja kirefu kabla ya kufika mjini, kinapinda, kinapanda, kinapinda tena, na hakuna nyumba pale. Gari likifia katikati ya kilima kile limekufa kweli, injini imekamata, haizunguki tena, na gari lingine siku hizo unaweza kungoja mpaka jua linazama. Mtu ambaye mkojo umemfunga hangoji hivyo. Nilikuwa nimeshaona msiba wa namna hiyo ukoo wa mama yangu.

Tukaanza kupanda. Mlio ukabadilika. Mwanzo ulikuwa unaunguruma sawasawa, sasa unagonga gonga, kama kuna mtu anapigapiga kijiko ndani ya sufuria. Gari likapoteza nguvu, shemeji akashusha gia, akakanyaga. Moshi ukatoka kama mtu amemwaga ndoo ya maji motoni. Nikamwita, "Shemeji." Hasikii. Nikaita tena kwa nguvu, upepo ukachukua.

Kilichobaki ni kupiga bati. Unaelewa ninachosema? Nipige bati la kabini, na chini ya bati hilo ni kichwa cha baba mkwe wangu. Hata jina lake sikuwahi kulitamka, leo nimpigie kelele juu ya kichwa chake akiwa mgonjwa. Nilisema, "Bwana, nisamehe kama ni dhambi," nikapiga kwa kiganja. Nikapiga tena kwa ngumi. Nikachukua sufuria nikapiga kwa sufuria.

Gari likasimama. Shemeji akaruka nje, macho mekundu.

"Shemeji, umerukwa na akili? Unajua nani yuko humu?"

"Zima injini," nikamwambia. "Zima kwanza, utanitukana baadaye."

Sijui alisikia nini katika sauti yangu. Akazima. Na injini ilipozima, sote tukasikia kule mbele maji yanachemka, yanatokota kama maharage. Mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Akabaki ameshika kichwa.

Akafungua boneti, akaisimamisha. Nami nikaenda mbele. Nilikuwa naogopa kupita pale, maana kioo cha mbele kitanionyesha kwake uso kwa uso. Lakini boneti ilipoinuliwa ilifunika kioo chote. Nikasimama nyuma yake kama mtu aliye nyuma ya mlango. Yeye huku, mimi huku. Niliona ni Mungu aliyeiweka pale.

Shemeji akafunga kitambaa mkononi afungue kifuniko cha rejeta. Nikamzuia. "Utaungua uso."

Akachukua dumu, akakimbilia kijito tulichokuwa tumekivuka pale chini, akarudi anahema, anataka kumimina juu ya injini yote ipoe haraka. Nikasimama mbele yake.

"Ukimwaga maji ya baridi kwenye chuma cha moto hivi, silinda hedi inapasuka. Sasa hivi nadhani ni gasketi tu imeungua. Ikipasuka hedi, Mzee tutambeba kwa machela."

"Sasa tufanye nini?"

"Tungoje ipoe."

Mama mkwe akatoka garini aliposikia neno hilo. Akanijia karibu kabisa. "Tungoje? Unataka mume wangu afie barabarani kwa sababu ya moshi wako?"

"Mama, nataka afike."

"Ongea chini, anakusikia."

Na kweli alikuwa anasikia. Ikatoka sauti ndani ya gari, ya mtu anayekaza meno. "Huyo anayesema ni nani?"

Shemeji ananitazama mimi, mimi natazama chini. Mama akajibu, "Ni mke wa mwanao."

Nikamsikia Mzee anavuta pumzi, anaguna, anavuta tena. Nilikuwa najua kwamba hapo akisema "mwondoeni," itanipasa niondoke, na watamwaga maji, na hakuna atakayenilaumu. Na nilikuwa nimeshaamua kwamba hata akisema hivyo sitaondoka. Hilo ndilo lililonitisha, si maji ya moto.

Akasema, "Mwambieni aendelee kusema."

Nikasema, nikiitazama injini, sauti yangu ikienda kwa shemeji lakini masikio yakiwa yake. Nikasema tungoje wimbo mmoja wa kanisa, ule mrefu, tuuimbe mpaka mwisho, tuurudie tena. Ndipo tufungue kifuniko polepole. Ndipo tuwashe, injini ikizunguka tumimine maji kidogo kidogo. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi. Ingekuwa imebadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, basi maji yameshaingia huko chini na safari imeisha. "Bado nyeusi," nikasema. "Tunaweza kufika."

"Wimbo upi?" Mzee akauliza.

Mama akamtajia.

"Imbeni kwa sauti, nami nijue mmefika wapi."

Tukaimba pale kilimani, ukungu umetuzunguka, watu watatu na gari bovu. Mama alianza mbio, kila neno analisukuma, kwa sababu aliona kila ubeti unamchelewesha mumewe. Ndani ya gari ikatoka sauti, "Usikimbize wimbo." Naye akaingia kwenye sauti ya chini, anakatika, anaguna katikati ya mstari, anadaka tena pale tulipofika. Ubeti mmoja aliuruka wote, tukamsikia analia kwa sauti ya chini. Shemeji akaenda kusimama kando, mgongo kwetu. Sijawahi kuona wimbo mrefu kama ule, na tuliurudia kama nilivyosema.

Kifuniko tulikifungua robo, kikapiga mvuke, tukangoja, tukakitoa. Maji hayakuonekana. Shemeji akawasha, nikamimina kwa kopo, taratibu, povu likawa linapanda ndani ya rejeta lenyewe kama soda. Hapo nikajua sikukosea, ni upepo wa silinda unaingia kwenye maji. Nikamwambia tusikaze kifuniko, tukiweke juu tu na kitambaa, ule upepo upate pa kutokea usije ukasukuma maji yote nje.

Ndipo shemeji akasema jambo ambalo mimi nisingelijua, maana mashine ya kusaga haina. "Kuna hita humu. Tukiifungua yote itachukua moto wa injini, na Mzee atapata joto." Akafungua. Kisha akasema, "Na maji yakipungua, hita itapuliza baridi. Baba, weka mikono hapo. Ikipoa, sema."

Tukaendelea hivyo. Mimi nyuma natazama moshi, Mzee mbele mikono kwenye hita. Moshi ukifumka napiga bati, mara moja tu, na yeye anagonga kile kioo cha nyuma kwa fimbo yake, maana yake amesikia, na shemeji anasimama. Wakati mwingine yeye ndiye anaanza. Nasikia fimbo kwenye kioo, nageuka kushika dumu kabla gari halijasimama, na nasikia anasema, "Imepoa." Kila kijito tulisimama tukajaza. Kwetu vijito havikosekani, namshukuru Mungu kwa hilo kuliko nilivyowahi kumshukuru. Mara ya mwisho tulipogongeana tulikuwa tunaona mabati ya mjini, na fimbo yake ilikuwa imelegea, kama mtu anayegonga usingizini. Mama akawa anamwita jina. Hapo nilipiga bati mfululizo, si kwa moshi, nilitaka tu agonge. Akagonga.

Tulifika gari likitoa mvuke mbele na nyuma. Walimpokea, wakamwingiza, wakamwekea mpira wa kutolea mkojo. Mimi nilibaki nje karibu na ukuta, hayo si ya mkamwana. Mama mkwe alitoka baada ya muda, akakaa chini kwenye nyasi pembeni yangu, akavua viatu. Alisema mkojo umejaza chombo na bado unatoka, na Mzee amelala. Halafu akaishika ile khanga yangu, lile pindo lililolowa na ambalo sasa lilikuwa limeshakauka, akalinusa.

"Halinuki kitu," akasema.

"Halinuki, Mama. Ndiyo hivyo."

"Ndaga," akaniambia, yaani asante kwa Kinyakyusa. Kwa Kiswahili asingeweza, kile kiburi chake kingemkaba.

Gari lilifunguliwa na fundi pale mjini. Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi na injini, ilikuwa imeungua katikati ya silinda na tundu la maji, mstari mweusi kama wa wembe. Hedi ilikuwa nzima. Shemeji aliitundika ile gasketi ukutani kwake, na mpaka leo akiwasha gari asubuhi anapiga mluzi ule wimbo wote kabla hajatia gia. Ukimuuliza anasema anapasha koo.

Mzee alikaa hospitali, akapasuliwa, akapona, akaishi miaka mingi baadaye. Kuonana hatukuonana. Alibaki na heshima yake nami na yangu. Ila tangu hapo nikija Matwebe alikuwa anakaa sebuleni upande wa ukuta wa jikoni, nami nimekaa jikoni, ukuta katikati, na tunaongea. Hakusema tena "mwambieni huyo." Anauliza habari za mashine, habari za watoto, mahubiri yalihusu nini. Likija gari lolote uani, hata la mgeni wa heshima, anagonga ukuta kwa fimbo. Natoka nyuma, nasimama pale kwenye bomba, naimba moyoni polepole, narudi namwambia. Ndipo anamruhusu mgeni aondoke.

Sasa wewe, rafiki yangu, usikae na habari hii peke yako. Mpe mtu wa sehemu za baridi mwenye gari au mashine, umwambie kwamba si kila moshi mweupe ni baridi, aimbe wimbo mzima kwanza. Na mpe yeyote anayepandishwa nyuma ya gari kwa sababu ya heshima, umwambie akiona kitu apige bati.